Jibu Halitoki: Kutafuta Kosa Katika Akisami, Aljebra na Kalkulasi

Swali la Kidato cha Nne: tafuta integrali ya x² + x kutoka 1 hadi 2. Mwanafunzi anaandika x³/3 + x²/2, sawa kabisa. Anaweka 2, anapata 8/3 + 2, yaani 14/3. Anaweka 1, anapata 1/3 + 1/2. Halafu anaijumlisha hiyo ya mwisho na kuandika 2/5, na tangu hapo hesabu imeshaharibika: 14/3 − 2/5 = 64/15, ilhali jibu ni 23/6. Daftari likirudi na alama ya kosa, anafungua sura ya integrali na kuisoma upya wiki nzima. Integrali zake hazina ubaya wowote. Kinachomwangusha ni akisami za shule ya msingi.

Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyume cha vitabu. Unaanza na dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi, kisha unarudi nyuma hadi pale kosa lilipozaliwa. Aghalabu pale ni mistari mitatu minne juu ya mahali unapopashuku, na ni mada ya miaka kadhaa nyuma.

Kwanza, upate mstari mgonjwa

Usifute ukurasa mzima na kuanza upya. Ukianza upya bila kujua kosa liko wapi, mkono utalirudia lile lile, maana mkono umezoea.

Ikiwa swali linakutaka *urahisishe*, kila mstari unapaswa kuwa na thamani moja na mstari ulio juu yake. Basi chagua nambari ndogo, uiweke mahali pa x katika mstari wa kwanza na katika mstari wa mwisho. Thamani zikitofautiana, jaribu mstari wa katikati, ujue kosa liko nusu ya juu au ya chini, na uendelee hivyo. Kazi ya mistari kumi hukaguliwa kwa majaribio manne hivi. Tumia 3 au 5. Epuka 0 na 1 kwa kuwa zinaficha makosa mengi, na epuka 2 kwa kuwa 2 + 2 na 2 × 2 zote ni 4, na 2² vilevile.

Ikiwa swali ni *mlinganyo*, chukua jibu ulilolipata, uliweke katika mstari wa mwisho kisha upande mstari baada ya mstari. Mstari wa kwanza kukataa, ambao pande zake mbili hazilingani, unakuonyesha kosa: liko kati ya huo na ule ulio chini yake. Tazama kazi hii:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 7
3x − 12 − 2x − 10 = 7
x − 22 = 7
x = 29

Weka 29. Mstari wa tatu: 29 − 22 = 7, umekubali. Wa pili: 87 − 12 − 58 − 10 = 7, umekubali. Wa kwanza: 3 × 25 − 2 × 24 = 75 − 48 = 27. Umekataa. Kwa hiyo kosa lilitokea mabano yalipofunguliwa, na ukitazama tu hapo utaliona: −2 mara −5 ni +10. Ukilirekebisha, x − 2 = 7, na x = 9. Hakuna haja ya kugusa mistari mingine.

Kipimo hiki kinafaa hata ndani ya chumba cha mtihani. Karatasi mbili za Hisabati za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni za saa mbili na nusu kila moja, alama 100: sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, ya pili ina maswali 8 ya alama kumi kumi nawe unachagua 5. Msahihishaji hutoa alama za njia (M) na alama za usahihi (A), na A hutegemea M. Anayeruka mistari ili amalize mapema hujinyima mahali pa kupata M, na hujinyima mistari ya kukagua pia.

Dalili: umejumlisha akisami, jumla ikawa ndogo kuliko moja ya zile ulizojumlisha

1/2 + 1/3 = 2/5. Lakini 2/5 ni 0.4, nayo nusu ni 0.5. Umeongeza kitu, ukabaki na kidogo.

Chanzo ni kuitazama akisami kama nambari mbili zilizopandiana, kila moja na njia yake. Nambari ya chini, yaani asili, ni *jina* la kipande. Muulize mwenye duka yeyote Majengo au Kisauni nusu kilo ya sukari na robo kilo ya sukari ni ngapi. Atakwambia robo tatu bila kushika kalamu. Hakuna atakayesema mbili ya sita, yaani thuluthi, ambayo ni chini ya ile nusu aliyoanza nayo. Kichwani mwake nusu imeshageuka kuwa robo mbili, kwa kuwa haziwezi kuhesabika pamoja mpaka ziitwe jina moja. Hiyo ndiyo kazi yote ya kutafuta asili ya shirika, yaani nambari moja ya chini inayozifaa akisami zote.

Majina ya akisami watoto wetu huyakariri katika somo la Kiswahili: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Ni hasara kuyaacha mlangoni pa somo la Hisabati, kwa sababu yanaonyesha wazi kwamba kila asili ni aina yake ya kipande. Na Mombasa yana kazi ya kweli: ndiyo lugha ya mirathi, mpaka mbele ya Kadhi.

Chukua mfano huo. Marehemu, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, ameacha shilingi 480,000. Warithi ni mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa kuwa kuna mtoto, mke ana thumuni, mama ana sudusi, na mwana huchukua kinachobaki.

1/8 + 1/6: nambari ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 bila kubaki ni 24. Thumuni ni 3/24, sudusi ni 4/24, jumla 7/24. Mwana ana 17/24. Sasa 480,000 ÷ 24 = 20,000, hivyo mke ana 60,000, mama 80,000, mwana 340,000. Jumlisha: 480,000. Ukizidisha tu 8 × 6 na kutumia 48 hukosei, ila unabeba nambari kubwa bila sababu, na kwenye nambari kubwa ndiko makosa ya kuzidisha yanakojificha.

Je, jumla ikizidi moja? Katika swali la kawaida la shule, ukiona umegawa 7/6 ya kitu, umekosea, rudi nyuma. Katika mirathi inaweza kutokea kihalali: mume ana nusu, dada wawili wa baba na mama mmoja wana thuluthi mbili, jumla 7/6. Wanazuoni waliliona hilo zamani na kulitatua kwa *aul*: asili inapandishwa kutoka 6 hadi 7, mume anapata 3/7, dada wale 4/7, na kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano ule ule.

Dalili: swali la maneno, hesabu safi, jibu si lenyewe

Hapa usitafute kosa la kujumlisha. Uliza swali moja: akisami hii ni ya *nini*?

Mchuuzi wa machungwa Kongowea aliuza 2/5 ya machungwa yake asubuhi. Mchana akauza 1/3 ya yaliyobaki. Jioni ana 120. Alianza na mangapi?

Wengi huandika 1 − 2/5 − 1/3 = 4/15, kisha 120 ÷ 4/15 = 450. Kila hatua imefanywa vizuri, na jibu ni la swali jingine. Lipime kwa kulirudisha sokoni: katika 450 aliuza 180, yakabaki 270, akauza 90, yakabaki 180. Swali linasema 120.

Thuluthi ni ya yale yaliyobaki, na yaliyobaki ni 3/5. Akiuza thuluthi yake anasalia na thuluthi mbili: 3/5 × 2/3 = 2/5. Mbili ya tano ni 120, basi humusi moja ni 60, na yote ni 300. Kwa ufupi: 120 ÷ 2 × 5 = 300. Katika mirathi ni kinyume chake: sudusi ya mama ni ya mali yote. Anayempa sudusi ya 420,000 zilizobaki baada ya mke atampa 70,000, amempunja 10,000. Pigia mstari neno linalofuata akisami katika swali kabla hujaandika chochote.

Dalili nyingine za akisami, kwa haraka

Umegawanya kwa akisami iliyo chini ya moja na jibu likapungua: umepindua ile isiyopinduliwa. 3/4 ÷ 2/5 ni 3/4 × 5/2 = 15/8. Ukiona 8/15, umepindua ya kwanza. Kumbuka kilo mbili za chai zikipakiwa kwenye vifuko vya thumuni kilo hutoa vifuko 16. Kugawanya kwa kipande kidogo huzaa vingi.

3½ − 1¾ ikakupa 2¼: ulitoa nusu kwenye robo tatu kwa sababu ndiyo iliyowezekana, ingawa mpangilio ulikuwa kinyume. Geuza zote ziwe akisami tupu kwanza: 7/2 − 7/4 = 14/4 − 7/4 = 7/4, yaani 1¾. Kukagua ni kujumlisha: 1¾ + 2¼ ni 4, si 3½.

Dalili: umekata, jibu likawa zuri mno

(x + 6)/3, mwanafunzi anakata 6 kwa 3, anaandika x + 2. Weka x = 3: juu ni 9, kwa 3 ni 3. Lakini x + 2 ni 5. Kukata ni kugawanya juu *yote* na chini *yote* kwa kitu kimoja. Ukigawanya 6 sharti ugawanye na x iliyo karibu yake: x/3 + 2.

Kanuni inayosaidia: kinachokatwa ni kile kilichozidishwa, kamwe si kilichojumlishwa. Kwa hiyo kabla ya kukata, tafuta vigawo. (x² + 5x + 6)/(x + 2) haikatwi ikiwa hivyo. Iandike (x + 2)(x + 3)/(x + 2), na sasa x + 2 nzima inaondoka, inabaki x + 3, mradi x isiwe −2. Kwa x = 3: 30/5 = 6, na 3 + 3 = 6.

Dalili: 3x = 12, na x ikawa 9

Kosa hili limefundishwa. Mtoto ameambiwa “ukivusha nambari, alama inageuka”, kana kwamba alama ya sawasawa ni kivuko cha Likoni, ukishuka ng'ambo umekuwa mwingine. Kanuni hiyo inafaa kwenye x + 3 = 12. Kwenye 3x = 12 mtoto anaivusha 3 vilevile, inageuka −3, na 12 − 3 = 9. Kwenye −3x = 12 utapata 15, au 4, kulingana na jinsi alivyoielewa kanuni siku hiyo. Jibu ni −4.

Dawa ni kuacha kuvusha kwa mwezi mzima na kuandika pembeni ya kila mstari unachofanya *pande zote mbili*: “jumlisha 5”, “gawanya kwa −3”. Inachosha, na inafanya kazi. Hii ndiyo maana ya asili ya jina aljebra lenyewe. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, katika kitabu chake cha takriban mwaka 820 aliita *al-jabr* ile hatua ya kuondoa kilichotolewa upande mmoja kwa kukijumlisha pande zote mbili. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa masuala ya mirathi, akisami zile zile za thumuni na sudusi.

Mlinganyo wenye akisami ndio unaokusanya makosa yote mahali pamoja, na una sifa moja nzuri: kila kosa lina jibu lake, kiasi kwamba jibu baya pekee linatosha kukuambia ulikosea wapi.

(2x − 1)/3 − (x − 2)/4 = 2

Zidisha kila kipande kwa 12:
4(2x − 1) − 3(x − 2) = 24
8x − 4 − 3x + 6 = 24
5x + 2 = 24
x = 22/5, yaani 4.4

Kagua: (8.8 − 1)/3 = 2.6; (4.4 − 2)/4 = 0.6, tofauti ni 2.

Umepata 0? Ulizidisha kushoto kwa 12 ukaisahau 2 ya kulia. Umepata 6.8? −3 mara −2 umeiandika −6. Umepata 2.4? Umefanya yote mawili. Kosa la alama huletwa na mstari wa akisami: ule mstari ni mabano yasiyoonekana. Mara tu unapouondoa, andika mabano wewe mwenyewe, hata kama unaona huyahitaji.

Tahadhari moja. Hapo tulizidisha kwa 12 kwa kuwa kulikuwa na pande mbili. Swali likikutaka urahisishe (2x − 1)/3 − (x − 2)/4 bila alama ya sawasawa, 12 haiondoki. Jibu ni (5x + 2)/12. Anayeandika 5x + 2 ameikuza thamani mara kumi na mbili.

Dalili: vipeo vya pili

(x + 5)² ukaifanya x² + 25. Kwa x = 3: 8² ni 64, wewe una 34. Zilizopotea ni 30, ambazo ni 2 × 3 × 5. Chora kiwanja cha mraba, ukigawe kwa mstari mmoja wa wima na mmoja wa ulalo: utaona mraba wa x, mraba wa 5, na vipande viwili vya x kwa 5 ulivyovisahau.

Mlinganyo una majibu mawili, wewe una moja: aidha uligawanya kwa x (x² = 5x ikawa x = 5, na 0 ikatoweka), au uliisahau hasi ya kipeuo (x² = 16 ni 4 na −4). Leta kila kitu upande mmoja na utafute vigawo: x(x − 5) = 0.

Kanuni kubwa, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, huharibikia mahali patatu. Tumia 2x² − 3x − 4 = 0, ambapo a = 2, b = −3, c = −4. Ndani ya kipeuo: 9 + 32 = 41, kipeuo chake 6.403. Majibu ni 2.351 na −0.851.

Kikokotoo kimekataa na kuonyesha kosa? Huenda ulipata 9 − 32 = −23, kwa kuwa −4 × 2 × −4 uliiacha hasi. Umepata 1.949 na −0.449? Ulibonyeza −3² bila mabano, na kikokotoo kikasoma “hasi ya 3²”, yaani −9. Bonyeza (−3)². Umepata 4.60? Uligawanya kipeuo peke yake kwa 4, ukaiacha 3 nje ya mgawanyo.

Ukaguzi wa haraka: jumla ya majibu ni −b/a, zao lake ni c/a. Hapa jumla ni 1.5 na zao ni −2. Fanya vyote viwili. Yale majibu ya 1.949 na −0.449 yanapita mtihani wa jumla bila taabu, na ni zao, −0.875, linaloyafichua.

Dalili: derivativu isiyolingana na grafu

Derivativu ni mwinamo wa grafu mahali ulipo, na mwinamo unapimika kwa kikokotoo cha kawaida. Y = (x + 2)(x − 3). Mwanafunzi anatafuta derivativu ya kila mabano, 1 na 1, anazidisha, anapata 1. Pima: x ikiwa 3, y ni 0. X ikiwa 3.01, y ni 5.01 × 0.01 = 0.0501. Gawanya mpando kwa mwendo: 0.0501 ÷ 0.01 = 5.01. Mwinamo ni karibu 5, si 1. Fungua mabano kwanza: x² − x − 6, derivativu 2x − 1, na kwa x = 3 ni 5.

6/x² ikikupa 6/2x: umechukua derivativu ya chini ukaiacha juu. Andika 6x⁻² kabla ya kufanya lolote. Kipeo kinashuka mbele, kisha kinapungua moja: −12x⁻³, yaani −12/x³. Wanaoandika −12x⁻¹ hawana shida ya kalkulasi. Wanaamini −2 kupungua moja ni −1. Vivyo hivyo √x ni x^(1/2), na nusu kutoa moja ni hasi nusu. Akisami zimerudi.

Tanjenti yako ina x³ ndani yake? Tanjenti ni mstari ulionyooka, haiwezi. Katika y = x³ − 2x penye x = 2, derivativu ni 3x² − 2, nayo sharti igeuke nambari kwanza: 10. Y penye 2 ni 4. Kwa hiyo y − 4 = 10(x − 2), yaani y = 10x − 16.

Katika maswali ya ukubwa wa juu kabisa, kosa la kawaida ni kusimama njiani. Seng'enge ya mita 40 inazungusha pande tatu za bustani, upande wa nne ni ukuta. Eneo ni x(40 − 2x) = 40x − 2x²; derivativu 40 − 4x ikiwa sifuri, x ni 10. Swali limeuliza eneo. Eneo ni 10 × 20 = mita za mraba 200. Soma tena sentensi ya mwisho ya swali kabla ya kupigia jibu mstari.

Dalili: eneo likawa sifuri

Tafuta eneo kati ya y = x² − 2x na mhimili wa x, kutoka −1 hadi 2. Integrali ni x³/3 − x². Penye 2: 8/3 − 4 = −4/3. Penye −1: −1/3 − 1 = −4/3. Tofauti: −4/3 − (−4/3) = 0.

Hesabu haina kosa, lakini mchoro unaonyesha eneo. Grafu inakata mhimili penye 0, inashuka chini, inarudi penye 2. Integrali huhesabu cha chini kuwa hasi, na hapa cha juu na cha chini vimemezana. Kabla ya swali lolote la eneo, tafuta y inakuwa sifuri wapi, ukate hapo. Kutoka −1 hadi 0 ni 4/3. Kutoka 0 hadi 2 ni −4/3, eneo lake 4/3. Jumla 8/3.

Ukiwa na shaka na integrali yoyote, tafuta derivativu ya jibu lako; isiporudi ulikoanza, umekosea. Ukaguzi huo unamnasa yule anayezidisha kwa kipeo badala ya kugawanya. Haumnasi aliyesahau C, ile nambari isiyobadilika inayoongezwa mwishoni, kwenye integrali isiyo na mipaka, kwa sababu derivativu ya C ni sifuri. C ni ya kukumbuka kwa mkono.

Dalili: kanuni ya trapeza iko mbali na jibu halisi

Kanuni hii hukadiria eneo kwa kulikata vipande vya trapeza. Kagua upana wa vipande hivyo. Eneo chini ya y = x² kutoka 0 hadi 6 kwa vipande 6: upana ni 6 ÷ 6 = 1. Lakini urefu wa kupima ni saba: 0, 1, 4, 9, 16, 25, 36. Ni kama boriti za ua: mianya sita yataka boriti saba. Anayehesabu boriti na kugawanya 6 kwa 7 anapotea hapo hapo. Hesabu: nusu ya upana mara (0 + 36 + 2(1 + 4 + 9 + 16 + 25)), yaani ½ × (36 + 110) = 73. Integrali inatoa 72, tofauti ni 1, sawa na asilimia 1.39. Ukipata 36.5, umezidisha kwa nusu mara mbili badala ya mara moja. Ukipata 45.5, umesahau kurudufisha zile tano za katikati. Na makisio kuzidi 72 si kosa: grafu hii imepinda kama bakuli, na kila trapeza inatokeza juu yake kidogo.

Dalili: kila hatua ni sahihi, desimali ya mwisho inakataa

Umekadiria mapema. Rudi kwenye lile swali la mwanzo, sasa akisami zikiwa zimejumlishwa vizuri: 14/3 − 5/6. Mwanafunzi anabonyeza 14 ÷ 3, anaandika 4.67. Anabonyeza 5 ÷ 6, anaandika 0.83. Anatoa, anapata 3.84. Iache akisami hadi mstari wa mwisho: 28/6 − 5/6 = 23/6 = 3.8333, na kwa nafasi mbili za desimali ni 3.83. Ile 3.84 hupewa M zake zote na kunyimwa A.